Usukani Uliao: Kutafuta Sababu na Dawa Yake

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za jambo dogo lililomkosesha jirani yangu usingizi kwa muda wa majuma mawili, nalo ni kelele ya usukani wa motokaa yake. Najua ya kuwa wengi wenu hamna motokaa. Lakini ni nani kati yenu asiyepanda? Tena wako wanafunzi ambao baada ya miaka michache watakuwa madereva au mafundi, na njia ya kutafuta sababu ya kelele ni ile ile, iwe ni kelele ya motokaa, au ya baiskeli, au ya cherehani ya mama.

Motokaa ya jirani yangu ni ya namna iitwayo SUV, yaani motokaa ya jamaa iliyoinuka juu ya ardhi kuliko motokaa ndogo za mjini, yenye nafasi ya baba, mama, watoto na mizigo yao. Ilitoka Japani baada ya kutumika huko miaka mingi, kama zitokavyo nyingi za motokaa zetu, na usukani wake uko upande wa kulia, kwa kuwa Wajapani hupita upande wa kushoto wa njia kama sisi. Sisi twakaa Lushoto, katika milima ya Usambara. Mtu atakaye kwenda Korogwe au Tanga hana budi kushuka mpaka Mombo kwa njia ya zaidi ya kilometa 30, yenye kona baada ya kona, huku mlima na huku genge. Katika njia ile usukani ndio uhai wa watu.

Basi usukani ule ulianza kulia. Kila alipoupinda polepole, hasa alipokuwa akiingia uani kwake, ulitoa mlio mwembamba kama wa mlango wenye bawaba kavu. Likizo ilikuwa imekaribia, naye alikuwa ameahidi kuwapeleka watoto kwa bibi yao Tanga. Akaenda kwa fundi mmoja wa kando ya barabara. Fundi aliusikiliza kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili, akasema mtambo wote wa usukani umekwisha, ununuliwe mwingine. Bei aliyoitaja ingetosha ada ya muhula mzima ya watoto wawili. Fundi wa pili alikuwa mpole zaidi: alipulizia chini ya usukani mafuta yale ya mkebe yauzwayo kwa kulegeza kutu, akadai malipo madogo. Kelele ikanyamaza siku tatu. Siku ya nne ikarudi, kali kuliko kwanza. Ndipo jirani alipokuja kwangu jioni moja, akasema, “Mwalimu, wewe hufundisha habari za nguvu na msuguano. Hebu njoo unifundishe na mimi.”

Kabla ya kushika spana, yafaa tujue kelele ya namna hii hutoka wapi. Nani kati yenu amepata kuona zeze la Wagogo? Nyuzi za upinde wake hupakwa ulimbo. Upinde ukipitishwa juu ya uzi wa zeze, ulimbo huushika uzi na kuuvuta kidogo. Kisha uzi huponyoka, hurudi, hushikwa tena, huponyoka tena, na haya yote hutokea mara mamia katika sekunde moja. Kushika na kuponyoka huko ndiko kutikisako hewa, na hewa itikisikayo ndiyo sauti. Mpira mkavu ukisuguana na chuma hufanya vivyo hivyo, na plastiki ikisuguana na plastiki vivyo hivyo. Hii ndiyo sababu kelele husikika zaidi usukani ukipindwa polepole kuliko ukipindwa upesi: panapokwenda polepole, vitu hupata nafasi ya kushikana. Ukitia kitu cha utelezi katikati, kushikana kwakoma, na sauti yakoma.

Kwa hiyo mlio mwembamba hauna maana ya kuwa kitu kimevunjika. Una maana ya kuwa vitu viwili vinasuguana pakavu. Je, ni vitu gani, na je, ni vitu ambavyo kukauka kwake kwaweza kumwua mtu? Hapo ndipo penye kazi.

Nilimwambia jirani tuanze na injini ikiwa imezimwa. Akageuza ufunguo kadiri ya kufungua kufuli ya usukani tu, bila kuwasha injini, akaupinda usukani kidogo kidogo huku na huku. Ulikuwa mzito, kwa sababu msaada wa kupinda hautendi kazi injini ikiwa imezimwa, lakini ulilia. Jibu hilo moja lilituondolea nusu ya kazi. Kama ungelia injini ikiwa inakwenda tu, na sauti ikatoka mbele chini ya boneti, hasa usukani ukiwa umepindwa mpaka mwisho, ningeutazama mkanda uzungushao pampu ya usukani, labda umelegea au umepasuka kwa uzee. Ningetazama pia chupa ya mafuta ya pampu, nikiongeza yale tu yaliyoandikwa juu ya kifuniko chake. Lakini motokaa nyingi za siku hizi hazina pampu wala mafuta hayo. Zasaidiwa na mota ya umeme. Fundi akikuambia habari za mafuta ya usukani, mwulize kwanza akuonyeshe chupa yake iko wapi.

Jambo la pili ni kuwa watu wawili. Mmoja akae kitini na kupinda, mwingine atafute kwa sikio na kwa mkono. Mkono husaidia kuliko watu wadhanivyo, kwa maana kitu kiliacho hutetemeka, na kidole hukijua kitu kitetemekacho hata pale sikio linapodanganyika. Waweza tena kuchukua bisibisi ndefu, kuweka ncha yake juu ya chuma unachokidhania, na mpini wake kwenye mfupa ulio karibu na sikio. Chuma kitakuletea sauti kama vile waya iletavyo habari. Fanya hivyo injini ikiwa imezimwa tu.

Tulianza juu. Nyuma ya usukani mna kifuniko cha plastiki kilichofunika shafti. Skrubu zake zikilegea, au kama mtu amekifungua na kukirudisha vibaya, ukingo wake hugusa mgongo wa usukani na kulia. Kujua ni rahisi: kibonyeze kwa mkono, mara chini, mara pembeni, mwenzako akiendelea kupinda. Sauti ikibadilika au ikikoma, umekipata. Legeza skrubu, kiweke sawa, ukaze tena. Kwetu hakikubadili neno.

Ndani ya kifuniko hicho, nyuma kabisa ya usukani, mna kitu kingine ambacho nataka mkijue sana, maana hapa ndipo fundi asiye na elimu awezapo kujidhuru. Usukani huzunguka, na juu yake mna honi na, katika motokaa za siku hizi, mfuko wa hewa. Vitu hivyo vyahitaji umeme. Je, nyaya zitapitaje bila kukatika usukani uzungukapo? Wameweka kisanduku bapa cha mviringo, na ndani yake utepe mrefu wenye nyaya, uliokunjwa kama kamani ya saa. Usukani ukipindwa huku utepe hukazika, ukipindwa kule hulegea. Vumbi likiingia humo, au utepe ukianza kuchakaa, husikika mkwaruzo kama wa karatasi ikunjwayo, na pengine mlio. Ishara yake ni hii: honi hulia mara na kukataa mara, au taa nyekundu ya mfuko wa hewa huwaka na kukaa. Ukiona hivyo, usitie mafuta. Kitu hicho hakitengenezwi kwa mafuta, hubadilishwa.

Na mfuko wenyewe? Huo ni mfuko wa nguo uliokunjwa katikati ya usukani pamoja na baruti ya namna yake. Motokaa ikigonga kwa nguvu, baruti huwaka na mfuko hujaa hewa kabla jicho halijafumba na kufumbuka, ili kifua cha dereva kikutane na mto badala ya chuma. Nchini Marekani sheria iliulazimisha katika motokaa ndogo zote mpya za namna ya mwaka 1998, na katika malori madogo na motokaa za SUV kuanzia zile za mwaka 1999. Ni kitu chema, lakini ukimlipukia fundi aliyeinamisha uso wake juu ya usukani, waweza kumpofusha au kumvunja mikono. Kwa hiyo mtu yeyote atakayeufungua usukani, kwanza na azime ufunguo, aondoe waya wa betri wenye alama ya kutoa, kisha angoje, maana umeme kidogo hubaki umehifadhiwa. Vitabu vya baadhi ya watengenezaji husema angoje si chini ya sekunde 90, vingine hutaka zaidi. Mimi husema dakika kumi. Fundi anywe chai. Na mfuko ukitolewa, ulazwe uso wake ukitazama juu, usilazwe kifudifudi. Lakini neno langu kwa mwenye motokaa wa kawaida ni fupi: usiufungue usukani mwenyewe.

Honi ya jirani ililia vizuri, na taa ya mfuko iliwaka kidogo alipogeuza ufunguo na kuzimika, kama ipasavyo. Tukashuka chini.

Nililala chali sakafuni mwa motokaa, miguu nje ya mlango, kichwa karibu na pedali, nikiwa na tochi. Pale shafti ya usukani hupenya ukuta wa chuma utengao miguu ya dereva na chumba cha injini. Ili vumbi, maji na joto visiingie ndani, tundu lile limezibwa kwa mpira ufanywao kama kengele, nao una mdomo unaoikumbatia shafti pande zote. Shafti huzunguka ndani ya mdomo huo kila usukani upindwapo, miaka nenda miaka rudi. Kiwandani hupakwa grisi kidogo. Grisi hukauka; vumbi la njia zetu za vijijini huingia; ulimbo wa zeze umekwisha kupatikana. Niliweka kidole juu ya mpira, nikamwambia apinde. Ukatetemeka chini ya kidole changu kama panzi aliyeshikwa. Tulikuwa tumemkamata mwizi.

Tukamkamata pia shahidi. Mdomo wa mpira ule ulikuwa umevimba na kulainika upande mmoja, pale yule fundi wa pili alipopulizia mafuta yake. Mipira mingi hunywa mafuta yatokayo katika petroli na jamaa zake, huvimba, hupoteza umbo, na mwishowe hupasuka. Wanafunzi mnaweza kuliona jambo hili wenyewe. Chukueni mipira miwili ya kufungia noti iliyo sawa. Tieni mmoja katika kikombe cha maji na mwingine katika kikombe cha mafuta ya taa, mbali na moto, na mwalimu akiwapo. Kesho yake ilazeni sambamba, muipime kwa rula. Mtaelewa kwa nini dawa ya siku tatu ilizidisha ugonjwa.

Dawa yenyewe ni grisi ya silikoni, ambayo haiudhuru mpira wa namna hiyo. Huuzwa katika tyubu ndogo katika maduka ya vipuli, na tyubu moja yatosha miaka. Tulifanya hivi. Kwanza tuliifuta shafti na mdomo wa mpira kwa kitambaa kikavu, tukatoa vumbi na mafuta ya zamani kadiri tulivyoweza. Kisha nikatia grisi kidogo juu ya kidole, nikainua mdomo wa mpira taratibu kwa kijiti cha mti kisicho na ncha kali, nikaipaka ndani kuzunguka shafti yote, huku jirani akiupinda usukani robo kwa robo ili nifike kila upande. Ikabaki kazi ya mwisho, nayo si ndogo: kufuta pedali, soli za viatu na sakafu. Silikoni ni telezi mno, na mguu ukiponyoka juu ya breki pale juu ya Mombo, ni afadhali usukani ungaliendelea kulia. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi silikoni ya kupuliziwa mahali pale. Huruka kila mahali.

Nilipokuwa pale chini nilitazama pia kiungo kilichoko juu kidogo ya ukuta, ambacho mafundi hukiita krosi, kwa kuwa ndani yake mna kipande cha chuma kama msalaba kiwezeshacho shafti kujipinda kama kiwiko cha mkono. Kikiingia kutu nacho hulia, lakini kina dalili zaidi: usukani huwa mzito mahali fulani na mwepesi mahali fulani katika mzunguko mmoja, na baada ya kona haurudi wenyewe. Kelele hiyo si ya kupakwa kitu na kusahauliwa. Kiungo hicho kikikwama au kikiachana, dereva hushika gurudumu lisilo na kazi. Cha jirani kilikuwa kizima.

Jirani alipinda usukani mpaka mwisho wa kulia, mpaka mwisho wa kushoto. Kimya. Alicheka, akanishika mkono kwa mikono miwili, akamwita mkewe aje asikie jinsi usivyosikika. Nami nakiri kwamba nilijiona fundi mkubwa.

Ndipo binti yake wa miaka kumi, aliyekuwa amesimama mbele ya motokaa akila muwa, aliposema, “Baba, bado inalia. Lakini kule mbele.”

Tulidhani anatania. Jirani akapinda tena. Mimi sikusikia kitu. Lakini mtu apitaye miaka arobaini masikio yake huanza kuziacha sauti nyembamba, na mtoto huzisikia bado. Nikaenda kusimama pale aliposimama, nikainamisha kichwa karibu na gurudumu la mbele la kushoto, na kweli, ilikuwako: mlio mfupi, mzito kidogo kuliko ule wa kwanza, kama kamba ya kitanda ikikazwa. Kelele ya kwanza ilikuwa imeifunika ya pili majuma yote mawili.

Tulizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, tukainua upande ule kwa jeki, tukaweka stendi ya chuma chini, kwa maana mtu haingizi hata mkono chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Kwanza niliweka mkono juu ya springi ya shokapu, jirani akipinda. Ikiwa beringi iliyo juu ya shokapu imekwama, springi hujikaza kisha huruka kwa mshtuko, na mkono huusikia. Springi ilizunguka laini. Kisha nikashika gurudumu juu na chini, nikalisukuma na kulivuta. Likacheza. Si sana, kadiri ya unene wa ukucha labda, lakini gurudumu zima halichezi hata hivyo. Nikamulika tochi chini yake. Boljointi, kile kiungo cha mviringo kama nyonga ya mtu, kishikacho gurudumu na mkono wa chini, mfuniko wake wa mpira ulikuwa umepasuka, na badala ya grisi mlikuwa na tope jekundu la njia zetu.

Hapo hatukucheka tena. Boljointi ikikauka hulia. Ikiendelea kukauka hulika. Ikilika sana hung’oka, na gurudumu la mbele hulala upande. Motokaa hapo haipindiki wala hainyoki. Hupenda kung’oka wakati uzito unapoiangukia, kama katika shimo au katika kona ya mteremko. Jirani alisimama akilitazama gurudumu, kisha akawatazama watoto, wala hakusema neno.

Wengine huuliza kama haiwezekani kuitia grisi tu. Motokaa za zamani zilikuwa na kichunusi cha kutilia grisi kwenye kila kiungo. Nyingi za siku hizi hazina, zimefungwa kiwandani. Na hata ungeweza kupenyeza grisi, tope limekwisha kula chuma. Grisi ingeondoa sauti na kuacha hatari, na hiyo ni mbaya kuliko kelele.

Safari iliahirishwa siku tatu. Kipuli kililetwa na basi kutoka Tanga, na fundi mwenye vyombo vyake alikitia, pamoja na cha upande wa pili, kwa kuwa vilikuwa vya umri mmoja na vilipita tope moja. Gharama zote, na tyubu ya grisi ndani yake, zilikuwa sehemu ndogo tu ya bei aliyoitaja yule wa kwanza. Fundi alipima pia unyofu wa magurudumu, jambo lipasalo kufanywa kila viungo vya mbele vikifunguliwa, la sivyo matairi huliwa upande mmoja.

Asubuhi ya safari niliwakuta wakipakia mizigo. Jirani alikuwa ameteremsha vioo vyote, ingawa kulikuwa na baridi ya ukungu, na binti yule alikuwa amewekwa kiti cha nyuma upande wa kushoto, karibu na dirisha. Nilimwuliza kwa nini pale. Akajibu, “Baba ameniambia nisikilize mpaka Mombo.”